Mjomba: Atakavyoona

Kwa mara ya tatu ndani ya wiki mbili, Spana alikaa kwenye lile benchi la kampuni ya bima, faili mapajani, namba mkononi, hasira kooni. Benchi lenyewe lilikuwa la chuma chenye matundu matundu, na kila aliyelikalia aliinuka na chapa nyuma ya nguo. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya familia inayocheka: baba, mama, watoto wawili, meno yote nje. Spana aliitazama mpaka akaanza kuichukia familia ya watu. Bila shaka, alijiambia, hawa walipigwa picha kabla hawajapewa fomu.

Kando yake alikaa mjomba wake, kaka wa mama yake, mkono wa kulia umefungwa plasta nzito na kuning'inizwa shingoni kwa kitambaa cheupe. Yeye hakuwa na haraka. Alikuwa ameinamisha shingo anachungulia chini ya chombo cha maji ya kunywa kilichowekwa pembeni kwa ajili ya wateja.

"Kile kinavuja," alisema.

"Mjomba, hatukuja kwa kazi hiyo."

"Nasema tu. Wiki nzima kinavuja, angalia zulia lilivyobadilika rangi. Ofisi nzima hii, na hakuna mwenye macho."

Spana alikuwa amekwisha kuliona lile zulia tangu ziara ya kwanza. Halikumhusu. Yaliyomhusu yalikuwa ndani ya faili, na ndani ya plasta.

Spana silo jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata akiwa na miaka kumi na tisa, hana kazi, hana mpango, siku mjomba wake alipokuja kumsalimia dada yake akakuta maji yamefika sebuleni. Jikoni binti alikuwa amelala chali chini ya sinki, ameshika spana ya baiskeli, amelowa chapachapa. Mjomba hakugomba. Alivua viatu, akakunja suruali, akatoka kwenda kufunga koki kuu, kisha akarudi na kuchuchumaa mlangoni.

"Ulikuwa unatafuta nini humo?"

"Nilitaka kujua maji yakitoka hapa yanakwenda wapi."

Mjomba akamgeukia mama mtu, aliyekuwa amesimama juu ya kiti na mkeka wake begani. "Dada, huyu nipe mimi. Ukikaa naye humu ndani atakubomolea nyumba."

Basi akampa. Mjomba alimfundisha kazi miaka minane, na alikuwa mwalimu wa ajabu, maana hakuwa akieleza jambo. Aliuweka mkono wa binti juu ya bomba, akamwambia asubiri. Mwenyewe alipapasa maungio kwa mgongo wa vidole, taratibu, amefumba macho, na pale alipotulia ndipo palipokuwa pamepasuka, hata kama ukuta ulikuwa mkavu. Mafundi wengine walivunja vigae ishirini kutafuta tone moja. Yeye alivunja kimoja. Mkono ule wa kulia ulikuwa umelisha nyumba mbili, na mojawapo ni ya akina Spana, baada ya baba yake kufariki.

Ndiyo maana Spana alipofungua biashara yake mwenyewe, chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, alianza kwa kumwomba mjomba waungane. Alikuwa amefikisha miaka sitini. Kampuni aliyoitumikia ilikuwa imefungwa, na alikuwa anashinda barazani akisikiliza redio na kugombana nayo. Alipoambiwa aliuliza kama kuna mahali pa kutundikia mkoba wake. Siku ya pili alikuja na msumari wake mwenyewe.

Wakawa watu wanne. Kulikuwa na Mrefu, ambaye jina lake linajieleza, hodari wa ngazi na mapaa. Kulikuwa na Baba Pacha, mtu mzima mwenye watoto mapacha na usingizi wa kudumu, fundi mzuri wa vyoo. Kulikuwa na Mjomba. Na kulikuwa na Spana, mwenye biashara, mwenye simu na mwenye daftari.

Daftari lilikuwa kubwa, la jalada gumu jeusi. Kila asubuhi saa moja Spana aliandika tarehe, kisha majina, na mbele ya kila jina kazi ya siku hiyo. Mrefu: zahanati, tangi la juu. Baba Pacha: nyumba ya mwalimu, choo cha nje. Akifika kwenye jina la tatu, kalamu ilisita. Utamwandikia vipi kazi mtu aliyekuokota chini ya sinki? Utamtuma vipi mjomba wako, kaka wa mama yako, mbele ya watu, nenda huku, nenda kule? Siku ya kwanza kabisa aliandika, "Mjomba: atakavyoona," na siku ya pili hivyo hivyo. Ikawa ndiyo desturi kwa miaka mitatu.

Kazi zilifanyika lakini, na zilifanyika kwa utaratibu. Spana alikuwa akisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, anatazama barabarani, anasema kama mtu anayezungumza na hewa, "Lile sinki la mama mshonaji linaninyima raha." Mjomba alikohoa, akatungua mkoba msumarini, akaenda zake. Hakutumwa, na adabu ilibaki mahali pake.

Hata ujira aliupata hivyo hivyo. Wenzake walitia saini. Mjomba alipewa bahasha kwa mikono miwili, Spana amepiga goti kidogo, "Mjomba, ya sabuni hii." Naye akipokea alisema, "Ahsante, mama, hukuwa na haja." Wote wawili walijua haja ilikuwepo.

Bima iliingia katika maisha yao kwa sababu ya hosteli ya wanafunzi. Hosteli ile ilikuwa na vyoo arobaini na bafu ishirini, kazi ya kudumu, ndoto ya fundi yeyote. Lakini meneja wake alisema hakanyagi fundi mle ndani asiye na cheti cha bima ya fidia kwa wafanyakazi. Mtu akiumia kazini, alieleza, bima ndiyo itakayomtibu na kumlipa akiwa kitandani, wala hosteli isiburutwe mahakamani. Spana aliona maneno hayo yana akili. Akaenda kwa wakala, akapewa fomu ya kurasa sita.

Majina na umri alivimaliza haraka. Kisha akafika kwenye kisanduku kilichoandikwa, "Nafasi ya mhusika katika biashara," na chini yake vijisanduku viwili vya kutia alama: mfanyakazi, mwenye kampuni. Mrefu, mfanyakazi. Baba Pacha, mfanyakazi. Mjomba.

Alikaa pale na kalamu hewani mpaka wakala akamuuliza kama wino umekwisha. Mfanyakazi wake? Mjomba awe mfanyakazi wake, tena kwa maandishi, kwenye karatasi yenye mhuri? Akatia alama kwenye mwenye kampuni. Wakala, kijana mchangamfu aliyekuwa anachelewa mahali, alisema, "Safi tu, hata gharama inapungua." Jioni Spana alimweleza mama yake alivyofanya, na mama mtu akafurahi mpaka akampigia simu jirani. Mjomba mwenyewe hakuambiwa. Kumwambia kungekuwa kujisifu.

Sasa wiki mbili na siku moja zilizopita, asubuhi, simu ilitoka hosteli: tangi la nyuma linafurika, boya limekwama. Spana alilifahamu lile tangi. Lilisimama juu ya miguu ya chuma, na ngazi yake ilikuwa imechomelewa humo humo, imeliwa na kutu kiasi kwamba Mrefu alikwisha kumwonya mara mbili kwamba vidaraja vya juu si vya kuaminiwa. Alitaka aende Mrefu mwenyewe, na ngazi ya kubeba. Lakini kwa mazoea yake alisimama mlangoni na kikombe, akaitazama barabara, akasema, "Lile tangi la hosteli linanitia wasiwasi."

Mjomba akakohoa. Akatungua mkoba.

Spana alimwona akiutungua. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni: Mjomba, acha, aende Mrefu. Lakini Mrefu alikuwa amesimama pale pale, na Baba Pacha pia, na kumwambia mzee mbele yao aache ngazi ilikuwa sawa na kumwambia amezeeka. Aliimeza ile sentensi pamoja na chai. Saa tatu na nusu simu ikalia tena. Kidaraja cha pili kutoka juu kilikuwa kimekatika mzee akiwa anashuka, na mkono wa kulia ndio uliotangulia chini.

Alikwenda mwenyewe. Hivyo ndivyo Spana alivyomwambia mama yake kule hospitali, na hivyo ndivyo alivyowaambia mafundi wenzake, meneja wa hosteli, na yeye mwenyewe kila alipokaa peke yake. Unamjua Mjomba, hatumwi, alikwenda mwenyewe.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Mifupa ya kifundo cha mkono imevunjika vipande vipande. Plasta ni ya kushikilia tu. Inatakiwa hospitali kubwa, upasuaji, vyuma vidogo na skrubu, halafu miezi ya mazoezi. "Ndani ya wiki tatu," alisema. "Baada ya hapo mifupa itaanza kushikana hivyo hivyo ilivyo, na vidole havitakunjika tena vizuri." Hospitali kubwa nayo ikasema iko tayari hata kesho, mradi wapate barua ya dhamana kutoka bima. Karatasi moja tu. Spana alipumua. Kwa bima alikuwa amelipa miaka mitatu, hajachelewa hata mwezi.

Ziara ya kwanza alipokelewa na afisa wa madai, dada mdogo kuliko yeye, mpole, sauti ya chini, kucha zimepakwa rangi ya maziwa. Upole wake ndio uliomchemsha Spana. Mtu akikukaripia unajua pa kumshika. Huyu alitabasamu na kusema, "Pole sana, mteja wetu," kisha akageuza kioo cha kompyuta.

"Mhusika ameandikwa mwenye kampuni."

"Ndiyo. Kwa heshima."

"Bima hii ni ya wafanyakazi, mteja wetu. Mwenye kampuni haimhusu, mpaka aombe mwenyewe kuingizwa kwa fomu ya njano."

"Fomu ya njano ni ipi?"

"Ni ile ambayo haikujazwa."

Ziara ya pili alikuja na meneja wa hosteli kama shahidi, na yule dada akampa pole tena. Alisema kama mzee kweli ni mfanyakazi na kosa lilikuwa la kuandika tu, kamati ya madai inaweza kusahihisha. Lakini ilihitaji ushahidi: mkataba wa ajira, au hati za mshahara zenye saini, au kumbukumbu za kila siku zinazoonyesha kwamba anapangiwa kazi na mwajiri.

Spana alicheka kicheko kibaya. Mkataba? Nani amsainishe mjomba wake mkataba? Mshahara ulikuwa bahasha ya sabuni. Akarudi kwenye kile chumba nyuma ya duka, akaliweka lile daftari jeusi mezani, akaanza kufungua kurasa. Atakavyoona. Atakavyoona. Jumatatu, atakavyoona. Mwezi mzima wa mvua, maji machafu yamejaa mitaani, watu hawalali, atakavyoona. Kila ukurasa ulikuwa mwandiko wake mwenyewe, mzuri, wa kuinama kidogo kulia, unashuhudia kwamba mzee huyu hapangiwi kazi na mtu yeyote duniani. Hata adui asingemwandalia kesi vizuri hivi. Alilifunga kwa kishindo hadi vikombe vikaruka.

Baba Pacha alikuwa mlangoni, safari hii yuko macho. "Dada, ongeza tu," alisema kwa sauti ya chini. "Siku hiyo moja. Futa hilo neno, andika hosteli, tangi. Kalamu ni ile ile ya bluu."

Spana alifungua siku yenyewe. Akaishika kalamu. Ingetosha kuandika maneno mawili. Alishangaa kwamba kilichomzuia haikuwa hofu ya kughushi. Kuandika pale kwamba alimtuma kungekuwa kusema kwamba alimtuma, naye kwa wiki mbili alikuwa amesema alikwenda mwenyewe.

"Nenda kazini, Baba Pacha."

"Nimekwenda, dada."

Daftari likapelekwa bima kama lilivyo, kwa mkono wa Mrefu, maana hapakuwa na ushahidi mwingine. Ndipo ikaja simu ya yule dada mpole: kamati inamtaka mhusika mwenyewe afike, ahojiwe. Zilikuwa zimebaki siku sita katika zile wiki tatu.

Namba yao iliitwa. Chumba cha mahojiano kilikuwa kidogo, meza, viti vitatu, kalenda ya mwaka uliopita. Yule dada alisimama kumpokea mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Kile chombo chenu cha maji kinavuja."

"Tumeshatoa taarifa, mzee."

"Taarifa haizibi."

Spana alitamani ardhi ipasuke. Yule dada alitabasamu, akafungua jalada na kuigeuza ile fomu ya kurasa sita imwelekee mzee. "Mzee, hapa umeandikwa kuwa wewe ni mwenye kampuni. Ulikuwa unajua?"

Mjomba aliisogeza fomu kwa mkono wa kushoto, akaitazama kwa mbali kama wasomavyo watu waliosahau miwani. Kisha akacheka. "Mimi? Kampuni ipi? Ningekuwa na kampuni ningetembea na mkoba begani?" Akaangalia huku na huku apate wa kucheka naye, akakuta hakuna. "Nani aliniandika hivi?"

"Mimi, Mjomba," alisema Spana.

"Kwa nini?"

"Nilishindwa kukuandika mfanyakazi wangu."

Mzee hakuinua macho. Alikuwa anaiangalia ile alama ndogo ya bluu ndani ya kijisanduku. "Ungeniuliza," alisema mwishowe, si kwa ukali. "Swali dogo hilo. Ningekujibu nikiwa nakunywa chai."

Spana alijisikia uso unawaka. Miaka mitatu ya kupiga goti, ya kuzungumza na hewa, ya kulinda heshima ya mtu huyu kama yai, na mwenyewe anasema ungeniuliza.

"Mzee," alisema yule dada, "nani anakupangia kazi?"

"Huyu."

"Lakini daftari linasema unafanya utakavyoona."

"Daftari linasema. Yeye hasemi hivyo." Mjomba alijiweka sawa kitini, kama mtu aliyeulizwa jambo analolijua vizuri. "Huyu asubuhi husimama mlangoni. Akisema sinki la fulani linamnyima raha, mimi nakwenda kwenye sinki la fulani. Akisema hajui bafu la shule litakuwaje, nakwenda shule. Hajaniambia nenda hata siku moja, na mimi sijabaki hata siku moja. Waulize wenzangu. Mwanzoni walidhani naota kazi."

Kwa mara ya kwanza yule dada alicheka kicheko cha kweli, kisha akakirudisha. Aliandika mistari kadhaa. Spana aliona kalamu yake inakimbia, na moyo ukaanza kumwinuka.

"Vizuri sana, mzee. Sasa siku ya ajali. Nani alikutuma kwenye tangi?"

Mjomba aliiacha fomu. Alimgeukia mpwa wake, akamtazama. Alikuwa amelazwa siku nne hospitali, na kwa siku hizo nne alikuwa amemsikia mpwa huyo akiwaambia wageni, mmoja mmoja, upande wa pili wa pazia, kwamba alikwenda mwenyewe.

"Siku hiyo," alisema taratibu, "nilikwenda mwenyewe."

Kalamu ya yule dada ilisimama. "Hukutumwa?"

"Sikutumwa. Niliamua."

"Mzee, ukijibu hivyo..."

"Nimejibu, mama. Andika."

Yule dada alimtupia Spana jicho, akainamia karatasi. Na Spana aliuona mkono ule ndani ya plasta, ncha za vidole vinne zimejitokeza, zimevimba, zimekuwa na rangi isiyo yake. Mzee alikuwa anautoa. Alikuwa anautoa mkono wake wa kulia ili mpwa wake abaki na uongo wake. Hasira aliyoibeba wiki mbili, ya benchi, ya fomu ya njano, ya familia yenye meno, ikakosa pa kwenda, ikamrudia yeye.

"Usiandike," alisema. "Nilimtuma mimi."

"Spana," alisema Mjomba.

"Nilimtuma mimi, dada. Nilisimama mlangoni nikasema tangi la hosteli linanitia wasiwasi. Najua anavyonisikia, miaka mitatu ananisikia hivyo hivyo. Na ngazi nilikuwa najua ni mbovu, Mrefu aliniambia mara mbili. Nilitaka aende Mrefu. Nilimwona Mjomba anatungua mkoba, nikashindwa kumwambia aache, kwa sababu watu walikuwa wanatazama." Akaionyesha karatasi kwa kidole. "Hakwenda mwenyewe. Nimesema kila mahali kwamba alikwenda mwenyewe. Andika hapo kwamba nilimtuma, na nikamwacha aende."

Kwa mbali lilisikika tone la kile chombo cha maji. Yule dada hakutabasamu. Alivuta karatasi mpya, akaisogeza mbele ya Spana. "Yaandike mwenyewe, mteja wetu. Kwa mwandiko wako. Na mzee atakiri chini yake kwamba ni mfanyakazi."

Spana aliandika ukurasa mzima. Ilipofika zamu ya mzee, mkono wa kulia haukuweza na wa kushoto haukujua. "Niandikie wewe," alimwambia mpwa wake, "mimi nitatia dole gumba." Kalamu ya Spana ikasita, kama ilivyosita siku ile kwa wakala.

"Andika, mama," alisema Mjomba. "Mfanyakazi. Ni neno zuri, nimekula nalo tangu ujana."

Akaliandika.

Ungedhani barua ilitoka siku ile ile. Haikutoka. Kamati ya madai hukutana Alhamisi ya pili ya kila mwezi, na Alhamisi ya pili ilikuwa imepita jana yake. Spana alipiga simu kila siku, akapewa pole kila siku. Alikwenda akasimama mlangoni mwa meneja mkubwa mpaka mlinzi akamletea kiti. Hospitali kubwa aliwaomba waanze tu, atawaletea barua, wakamwonyesha tangazo ukutani: hapana upasuaji bila dhamana. Wiki ya tatu ikaisha, ya nne nayo. Kamati ikakaa, ikasahihisha, ikaidhinisha kila kitu bila kubisha hata neno, na barua ya dhamana ikatoka, nzuri, yenye mhuri wa bluu, wiki ya saba. Daktari wa upasuaji ilimbidi avunje upya kile kilichokwisha kushikana. Alifanya alichoweza, na hakuna aliyemlaumu.

Miezi mitano baadaye, asubuhi ya Jumatatu, Mjomba alirudi kazini. Mkono uliweza kushika kikombe. Uliweza kufunga kifungo cha shati kwa muda mrefu na matusi kidogo. Spana alikuwa amempa spana siku moja kabla, nyumbani, akamwona anavyoikunjia vidole na jinsi ilivyoteleza ikaanguka sakafuni. Spana aliiokota, akairudisha mahali pake.

Mrefu alikuwepo, Baba Pacha alikuwepo. Mkoba ulikuwa kwenye msumari wake, haujaguswa muda wote ule ila kwa kufutwa vumbi. Spana alikuwa na kikombe cha chai, lakini hakwenda mlangoni. Alikaa mezani, akafungua daftari jipya, maana la zamani lilibaki kwa watu wa bima. Akaandika kazi ya Mrefu. Akaandika ya Baba Pacha. Akaandika mstari wa tatu, kisha akausoma kwa sauti mbele yao wote.

"Mjomba: anakwenda zahanati na Mrefu. Anapapasa bomba la ukutani kwa mkono wa kushoto, anamwonyesha Mrefu pa kuvunja. Hapandi ngazi."

Mrefu alijitia kutazama viatu vyake. Baba Pacha alikuwa macho kabisa.

"Soma tena hapo mwisho," alisema Mjomba.

"Hapandi ngazi."

Mzee aliinamisha kichwa kukubali. Alikwenda kwenye msumari, akautungua mkoba kwa mkono wa kushoto, akautupia begani. Mrefu alinyoosha mkono amsaidie, akapigwa jicho, akaurudisha. Mlangoni Mjomba akasimama.

"Kumbe unajua kutuma," alimwambia mpwa wake. "Miaka mitatu kila asubuhi nakisia unataka nini. Nikikosea je? Nilikuwa nachoka, mama, kuliko hata kazi."

Akatoka, na Mrefu nyuma yake. Spana alibaki mezani mbele ya ule mstari, wino haujakauka, akausoma tena na tena. Ulikuwa na maneno machache, na angeweza kuyasema siku ile, na chai mkononi.